Mkojo Mwekundu: Safari ya Kichocho kutoka Nile hadi Pemba

Damu ya kichocho huja mwishoni. Mtoto huanza kukojoa mkojo wa kawaida, halafu kibofu kinapojikamua kutoa matone ya mwisho, matone hayo hutoka mekundu, na mara nyingi huja na mchomo unaomfanya akunje uso. Mayai ya mnyoo yamekwama kwenye ukuta wa kibofu, kila yai lina mwiba mdogo nchani, na kibofu kinaponywea ndipo nyama iliyojeruhiwa inapotoa damu. Mtoto akimaliza hupandisha kaptura yake akarudi kwa wenzake. Hajalala kitandani, anakula, anacheza. Kwa vizazi vingi wazazi waliokulia kando ya maji yaleyale waliliona jambo hilo, wakakumbuka kwamba hata wao walikojoa damu wakiwa wadogo na ikakatika yenyewe, wakanyamaza.

Kimya hicho kina umri mkubwa. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer, daktari aliyefanya kazi Misri, alichunguza figo za maiti zilizokaushwa za enzi ya mafarao. Katika maiti mbili za watu waliokufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita alikuta mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa, bado yakiwa na umbo lao. Wanajeshi wa Napoleon walioivamia Misri mwaka 1798 nao walikojoa damu, na waganga wao wakalaumu joto na jasho jingi. Wenyeji wa vijiji vya Nile walikuwa na maelezo yao: mvulana anayekojoa damu anabalehe, kama msichana anavyopata hedhi. Tusiwacheke. Katika kijiji ambako karibu kila mvulana hukojoa damu akifika umri fulani, yule asiyekojoa ndiye anayewatia watu wasiwasi.

Mtu wa kwanza kumwona mnyoo mwenyewe alikuwa kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Alifika Cairo mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 25, akiandamana na mwalimu wake Wilhelm Griesinger aliyekuwa ameajiriwa na mtawala wa Misri. Akapewa kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, na humo akapata nafasi ya kupasua maiti na kutazama ndani kwa subira. Mwaka 1851, katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini, alikuta minyoo myeupe, urefu wake kama sentimita moja. Chini ya hadubini akaona jambo ambalo halikuwa limeandikwa popote: dume lina mfereji uliokunjwa mwilini mwake, na ndani ya mfereji huo amelala jike mwembamba kama uzi, wawili hao wakiishi hivyo maisha yao yote. Alimwandikia barua mwalimu wake mwingine, von Siebold, huko Ulaya, na mwaka uliofuata akawa ameshaunganisha minyoo ile, mayai yenye mwiba, vidonda vya kibofu na mkojo wa damu kuwa ugonjwa mmoja. Alikufa Cairo mwaka 1862, kwa homa iliyompata baada ya safari ya Massawa, kabla hajatimiza miaka 38. Ugonjwa ukabaki na jina lake, bilharzia, ingawa watu wa pwani yetu tuna jina letu la kichocho na hatukuhitaji kuazima.

Bilharz alijua mnyoo anaishi wapi. Namna anavyoingia mwilini hakuijua, na hakuna aliyeijua kwa zaidi ya miaka 60 baada ya ugunduzi wake.

Sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na heshima. Arthur Looss, mtaalamu mkubwa wa minyoo aliyefundisha Cairo, alikuwa ameshavumbua kwamba mabuu ya safura hupenya ngozi. Aliligundua hilo pale tone la maji yenye mabuu lilipomdondokea mkononi na ngozi ikaanza kumuwasha. Kuhusu kichocho, alitafuta konokono wenye ugonjwa asiwapate, akahitimisha kwamba kiluwiluwi kinachototolewa kwenye yai hutoka kwa mtu kikamwingia mtu mwingine moja kwa moja. Alikosea, lakini alikuwa Looss, na wachache walithubutu kumpinga. Jibu lilitoka Japani, ambako wakulima wa mpunga walisumbuliwa na ndugu wa mnyoo huyu. Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba mnyoo wa Japani hukua ndani ya konokono wa majini kabla ya kumrudia binadamu.

Vita Kuu ya Kwanza ikaleta haraka. Uingereza ilikuwa inajaza askari Misri, na ilikumbuka waliorudi na mkojo wa damu kutoka vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Looss alikuwa ameondoka kwa sababu alikuwa Mjerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Robert Leiper, mtaalamu wa minyoo kutoka London aliyekuwa ametoka kusafiri Mashariki ya Mbali, alitumwa Cairo. Alikwenda El Marg, kijiji kilicho jirani na mji, akakusanya konokono kwenye mifereji ambamo watoto waliogelea, akawapasua mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza kazi yake ilijulikana kwamba minyoo ya kibofu na minyoo ya utumbo ni aina mbili tofauti, na kila moja ina konokono wake. Wa kibofu hukaa ndani ya konokono mdogo aitwaye Bulinus.

Mzunguko wenyewe, sasa tunaoujua, unastahili kuelezwa polepole, kwa sababu kila hatua yake ni mlango unaoweza kufungwa. Mkojo wenye mayai ukiingia kwenye maji baridi, mayai huanguliwa na kutoa viluwiluwi vinavyoogelea kutafuta Bulinus. Kisichompata hufa upesi. Kilichompata huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, na kutoka kwa konokono mmoja hutoka viluwiluwi vipya kwa maelfu, vyenye mkia uliogawanyika, hasa jua linapokuwa kali mchana, saa ambazo watoto wametoka shule na akina mama wanafua. Vikigusa ngozi hupenya kwa dakika chache bila kuacha kidonda. Mkia hubaki nje. Safari ya ndani hupitia mapafu na ini, dume na jike hupatana, kisha huteremka hadi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na huko jike hutaga mayai kila siku kwa miaka. Kiluwiluwi chenye mkia kisipompata mtu ndani ya siku mbili hivi hufa, ndiyo sababu Leiper alishauri askari wahifadhi maji kwa saa 48 mahali pasipo na konokono kabla ya kuyaoga. Baharini hakuna hatari hiyo, maana Bulinus haishi kwenye maji ya chumvi. Anayeoga ufukweni Nungwi, Zanzibar, hapati kichocho. Kijito cha kwenye mashamba ya mpunga ndicho chenye hatari.

Ningependa kila mgonjwa aambiwe habari ya mayai, kwa sababu mayai ndiyo yanayoumiza, si minyoo. Kwa makadirio nusu ya mayai hayatoki na mkojo. Hubaki yamenasa katika ukuta wa kibofu na katika mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mwili huyazungushia kovu, kovu likawa gumu, hata kuta zikaota chokaa. Mrija uliozibwa hauteremshi mkojo. Mkojo unarudi nyuma, figo inavimba, na nyama yake inayochuja damu inasagika taratibu bila kelele. Mgonjwa anaweza kukaa miaka bila maumivu makubwa huku figo zote mbili zikipungua nguvu. Wengine huja hospitali wakiwa tayari wanahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Tena kuna saratani. Mwaka 1911 daktari Ferguson wa Cairo aliandika juu ya saratani ya kibofu na kichocho kukutwa pamoja katika maiti alizopasua, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likauweka mnyoo huu katika kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ilikuwa ndiyo inayowashika wanaume wa Misri kuliko saratani nyingine zote.

Jambo la kutia moyo lilionekana pwani ya Kenya. Katika eneo la Msambweni, Kwale, watafiti waliwapima watoto kwa altrasaundi miaka ya 1980 na kukuta figo zilizovimba kwa mkojo uliorudi nyuma. Wengi walipotibiwa, uvimbe ulipungua. Watafiti wengine Kwale walipima uzito na uwezo wa watoto kufanya mazoezi kabla na baada ya matibabu, na waliotibiwa walinenepa na kuchangamka kuliko wasiotibiwa. Mtoto aliyedhaniwa mvivu darasani alikuwa anapoteza damu. Figo ya mtoto husamehe mengi. Kovu la mtu mzima aliyebeba ugonjwa tangu ujana halisamehi hivyo.

Dawa ya kwanza ya kweli ilipatikana Khartoum. Mwaka 1918 daktari John Christopherson alitangaza kwamba madini ya antimoni, yakichomwa kwenye mshipa, huua minyoo. Ilikuwa sindano nyingi kwa wiki kadhaa, na kila sindano ilileta kikohozi na kutapika, wakati mwingine moyo ukayumba. Wagonjwa wengi waliacha katikati, na siwalaumu. Hata hivyo Misri haikuwa na kingine, ikaendesha kampeni za antimoni vijijini kwa miongo, na hasa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mamilioni ya watu walichomwa. Sindano zilikuwa za kioo, zikatumika tena na tena, na hazikuchemshwa inavyostahili. Virusi vya homa ya ini aina ya C, ambavyo wakati huo havikuwa na jina, vilipita kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2000 watafiti walichapisha ushahidi uliounganisha kampeni hizo na janga la homa ya ini lililoifanya Misri iongoze duniani. Walioteseka ni walewale waliotii, waliojitokeza walipoitwa. Misri ilikuja kulikabili janga hilo kwa ujasiri: ilipima makumi ya mamilioni ya watu mwaka 2018 na 2019, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kama nchi iliyofika mbali kabisa katika kuliondoa.

Hapa nitaje Abdel Halim Hafez, kwa sababu pwani yetu ilimpenda. Mwimbaji huyo alizaliwa kijijini Sharqia mwaka 1929 na akapata kichocho utotoni, aina ile inayoshambulia utumbo na ini. Alikufa London mwaka 1977, ini likiwa limeharibika. Waliosikiliza nyimbo zake Zanzibar na Mombasa, wenye vijito vyao vya kichocho nyuma ya nyumba, sidhani wengi walijua wana ugonjwa mmoja naye.

Katika historia yote hii, kuna kazi ndogo iliyofanyika Tanzania ambayo kwangu inazidi hata ya Leiper. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Kilosa, watafiti walihitaji kujua ni shule zipi zenye kichocho kingi. Kupeleka wataalamu na hadubini katika kila shule kungekula fedha zote za wilaya. Wakatuma karatasi kwa walimu wakuu kupitia ngazi za kawaida za elimu, na walimu wakawauliza watoto: katika mwezi uliopita umeumwa nini? Katika orodha kulikuwa na homa, kikohozi, kuharisha, na miongoni mwake kichocho na mkojo wa damu, ili mtoto asijue kinachotafutwa. Majibu yalipolinganishwa na vipimo, yalilingana vizuri kiasi cha kutosha kuchagua shule za kupeleka dawa kwanza. Njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Malawi, Zambia na Zimbabwe. Watoto walikuwa wanajua muda wote. Elimu ya mgonjwa kwa kawaida tunaifikiria kuwa ni daktari anasema na mgonjwa anasikiliza. Kilosa ilionyesha kwamba huanza kwa kumuuliza mgonjwa na kuamini jibu lake.

Pemba nako, katikati ya miaka ya 1980, mpango wa serikali ulioungwa mkono na Italia ulitumia vijikaratasi vya kuchovya kwenye mkojo, ambavyo hubadilika rangi vikigusa damu, ili kuwatafuta watoto wa kutibiwa shuleni. Kufikia wakati huo dawa ilikuwa imebadilika. Praziquantel, iliyotokana na maabara za kampuni za Merck na Bayer huko Ujerumani miaka ya 1970, ilijaribiwa mapema kwa wagonjwa wa kichocho cha kibofu huko Zambia. Ni vidonge tu, kwa kawaida dozi moja ya siku moja, kipimo kikifuata uzito, na shuleni mtoto husimamishwa kando ya ufito wenye alama za urefu ili kujua apewe vingapi. Upungufu wake ni miwili: haiui minyoo michanga, na haimkingi mtu akirudi majini. Kwa hiyo lazima irudiwe.

Zanzibar ilikuwa mahali pazuri pa kujaribu kuumaliza ugonjwa kabisa. Kisiwa kina mwisho. Aina ya utumbo haipo, na kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya mawe isiyo na vijito, kichocho karibu hakipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kampeni ya Piga Teke Kichocho, na shuleni kikagawiwa kijitabu cha picha, *Juma na Kichocho*, ambamo mtoto anamfuata Juma kutoka mtoni hadi kwa daktari. Kisha, kuanzia mwaka 2012, shehia 90 (maeneo madogo ya utawala) za Unguja na Pemba zikagawanywa katika makundi matatu kwa miaka mitano. Zote zilipata vidonge mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili liliongezewa dawa ya kuua konokono madimbwini. Kundi la tatu liliongezewa elimu, na haikuwa ya kuhutubiwa: walimu walifundishwa michezo salama ya nchi kavu, ikawekwa siku ya kichocho shuleni, zikajengwa sehemu za kukojolea na majukwaa ya kufulia mbali na maji yenye konokono, na wanakijiji wenyewe wakashiriki kupanga.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kichocho kilishuka katika makundi yote, hadi kubaki kwa watoto wachache tu katika kila mia. Lakini kundi la elimu halikulipita kundi la vidonge pekee kwa tofauti inayoonekana wazi, wala kundi la konokono nalo halikulipita. Sisi tunaoamini elimu tunapaswa kuyasoma matokeo hayo bila kuyageuza. Ninavyoyaelewa mimi, mtoto akishajua habari zote za konokono na bado kijito ndicho maji pekee ya kuogelea jua linapowaka, ataingia. Mama akishajua na bado bomba halitoki, atafua palepale. Maarifa bila maji ni mzigo juu ya mzigo. Hata hivyo vidonge vyenyewe havimezwi bila maarifa, maana aliyeko kwenye shehia akiambiwa ameze dawa chungu mara mbili kwa mwaka huku hajisikii mgonjwa, lazima ajue kwa nini. Na dawa ikisita, maambukizi huanza kupanda upya kwenye maeneo sugu.

Wamebaki nyuma wanawake na watoto wadogo. Mayai hayaishii kwenye kibofu. Hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, maumivu wakati wa tendo la ndoa, damu isiyo ya hedhi, hata ugumba. Watafiti walilikuta hilo wilayani Mwanga, kaskazini mwa Tanzania, miaka ya 1990. Mwanamke mwenye hali hiyo akifika zahanati, mara nyingi hupewa dawa za magonjwa ya zinaa, hazimsaidii, kisha hurudi nyumbani na shaka iliyopandwa kati yake na mumewe kwa ugonjwa alioupata akiwa na miaka minane akichota maji. Wasichana nao hawasemi kwa urahisi kama wavulana kwamba wamekojoa damu, na wengine hudhani ni hedhi. Kwa walio chini ya umri wa shule, walioachwa nje ya kampeni kwa miaka mingi kwa sababu kidonge ni kikubwa na kichungu, imepatikana praziquantel ya kuyeyushwa kwenye maji, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali mwishoni mwa mwaka 2023.

Kwa hiyo, muuguzi na daktari wa zahanati, mwanamke akija na damu au vidonda visivyopona, muulize kwanza alikulia wapi na alikuwa akichota, kufua na kuoga maji gani. Na wewe mzazi, muulize mwanao, wa kiume na wa kike, rangi ya mkojo wake, na akikujibu usimkemee. Mpeleke akapimwe mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani saa hizo ndizo mayai hutoka kwa wingi.